Je, Wajua? Kizazi Kipya cha Prosesa: Uhamie au Ubaki Ulipo

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kila mwaka Intel, AMD, Apple na Qualcomm hutangaza prosesa mpya, na kila tangazo huja na michoro inayopanda juu. Baadhi ya vizazi hivyo vilibadilisha kabisa kazi za watu. Vingine vilibadilisha kibandiko tu. Anayenunua kwa jasho lake ana haki ya kuvitofautisha kabla hajatoa pesa, na safu ya leo imekusanya mambo yatakayomsaidia.

KULISOMA JINA

Je, wajua kwamba kizazi cha prosesa za Intel Core kimeandikwa ndani ya jina? Katika i5-8250U, tarakimu 8 ni kizazi cha nane. Katika i5-1135G7, 11 ni kizazi cha kumi na moja. Herufi ya mwisho nayo ina lake: U hutumia umeme kidogo, H ni ya laptopu zenye nguvu, K inamruhusu mwenyewe kuiongezea kasi, F haina saketi ya picha. Hizo i3, i5 na i7 ni madaraja ndani ya kizazi kimoja. Muuzaji akikwambia "hii ni i7" akanyamaza, mwombe namba inayofuata.

Je, wajua kwamba i5 inaweza kuishinda i7? Agosti 2017 Intel ilitoa i5-8250U yenye viini (cores) vinne. i7-7500U ya kizazi kilichotangulia ilikuwa na viini viwili tu, na zote mbili zilipangiwa wati 15. Viini viliongezeka maradufu bila kuongezewa bajeti ya umeme. Kwa anayetafuta laptopu ya mtumba Kariakoo au Luthuli Avenue, mpaka kati ya kizazi cha saba na cha nane una uzito kuliko mpaka kati ya i5 na i7.

Je, wajua kwamba mwaka huohuo i3 iligeuka i5? Prosesa ya mezani i3-8100 ilikuja na viini vinne, sawa na i5-7500 iliyotangulia, kwa bei ya orodha ya dola 117. Vizazi vya namna hii huwanufaisha zaidi wanunuzi wa daraja la chini.

Je, wajua kwamba namba mpya inaweza kubeba muundo wa zamani? Ryzen 5 7520U ilitangazwa na AMD mwaka 2022 kwa ajili ya laptopu za 2023, lakini muundo wa viini vyake ni Zen 2, ambao kwenye kompyuta za mezani ulianza mwaka 2019. Katika mfululizo ule wa 7000 wa laptopu, tazama tarakimu ya tatu: 2 ni Zen 2, 3 ni Zen 3, 4 ni Zen 4. Kwa hiyo 7520U, 7530U na 7540U zinafanana kwa jina tu. Ndani ni vizazi vitatu tofauti.

Je, wajua kwamba hata kizazi kimoja kinaweza kuwa na koo mbili? "Kizazi cha kumi" cha Intel kwa laptopu za 2019 kilijumuisha i7-10510U, yenye viini vya muundo wa mwaka 2015, na i7-1065G7, yenye muundo mpya kabisa na saketi bora ya picha. Kibandiko kilisema 10 kwa zote mbili.

Je, wajua kwamba tangu Desemba 2023 Intel ilianza kuhesabu upya? Iliacha herufi "i" na kuleta majina kama Core Ultra 7 155H. Ndiyo maana 155H ni mpya kuliko i7-13700H, ingawa namba yake ni ndogo.

Je, wajua kwamba "nanomita" za kwenye matangazo si kipimo cha kitu unachoweza kukipima ndani ya chipu? Julai 2021 Intel iliupa utengenezaji wake wa kizazi cha 10nm jina jipya, Intel 7. Namba hiyo ni jina la teknolojia ya kiwanda. Usilinganishe 7 ya kampuni moja na 5 ya nyingine ukadhani umepima.

GIGAHEZI

Je, wajua kwamba Pentium 4 ya kwanza, iliyotoka Novemba 2000 ikiwa na gigahezi 1.5, ilishindwa katika vipimo kadhaa na Pentium III ya gigahezi 1? Ndani ya Pentium 4 amri ilipitia hatua 20, mara mbili ya mtangulizi wake. Mizunguko kwa sekunde ilipanda, lakini kazi iliyokamilika katika kila mzunguko ikapungua. Waliosoma gigahezi peke yake walilipa zaidi wakapata pungufu.

Je, wajua kwamba Intel yenyewe ilirudi nyuma? Oktoba 2004 ilifuta mpango wa kutoa Pentium 4 ya gigahezi 4. Julai 2006 ikaleta Core 2 Duo: ile iliyoitwa E6600, yenye gigahezi 2.4, ilizipita katika kazi nyingi Pentium zilizozidi gigahezi 3.6, tena kwa umeme mdogo. Hicho kilikuwa kizazi cha kuhamia bila kusita, na gigahezi zake zilikuwa zimeshuka.

Je, wajua kwamba kati ya 1993 na 2000 kasi ya saa ya prosesa ilipanda zaidi ya mara 15, kutoka megahezi 60 za Pentium ya kwanza hadi gigahezi 1 ya Athlon? Lakini kutoka gigahezi 3.8 za mwaka 2004 hadi 6.2 za i9-14900KS ya 2024, miaka 20 haikutosha hata kuifikisha mara mbili.

Wajua sababu? Mwaka 1974 Robert Dennard wa IBM na wenzake walionyesha kwamba transista ikipunguzwa ukubwa, umeme inaohitaji hupungua sambamba nayo, hivyo joto la kila eneo la chipu halipandi. Kanuni hiyo iliibeba tasnia kwa miongo mitatu. Katikati ya miaka ya 2000 transista zilikuwa ndogo kiasi kwamba umeme ulivuja, joto likapanda, na gigahezi zikagonga mwamba.

Je, wajua kwamba idadi ya transista haikusimama pamoja na gigahezi? Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa nazo 2,300. Apple M1 ya mwaka 2020 ina bilioni 16. Transista hizo za ziada sasa huenda kwenye viini, kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa), saketi za video na saketi za akili mnemba. Hapa ndipo shina la mada yetu lilipo: zamani kizazi kipya kiliharakisha kila kitu kwa wote, leo huharakisha kazi fulani kwa watu fulani. Swali la "je, ni bora?" halitoshi tena. Uliza: ni bora kwa kazi ipi?

VIINI NA KACHE

Je, wajua kwamba mwaka 1967 Gene Amdahl alieleza kwa nini viini vingi havitoshi? Chukua programu ambayo asilimia 60 ya kazi yake inaweza kugawanywa, na 40 lazima ifuate mstari mmoja. Viini 8 vitaiharakisha mara 2.1. Ukinunua viini 16, utafika mara 2.3. Umeongeza viini maradufu ukapata nyongeza ya asilimia 9 hivi. Kutengeneza video na kuchora picha za 3D hugawanyika vizuri. Mambo mengi ya ofisini hayagawanyiki.

Je, wajua kwamba kuna prosesa ya "viini 8" iliyozua kesi? AMD FX-8150 ya Oktoba 2011 iliunganisha viini viwili viwili kutumia kitengo kimoja cha hesabu za desimali. Katika kazi za kiini kimoja ilishindwa na Phenom II iliyoitangulia. Mwaka 2019 AMD ilikubali kulipa dola milioni 12.1 kumaliza madai ya wanunuzi.

Je, wajua kwamba kizazi kipya kinaweza kupunguza viini? i9-10900K ya mwaka 2020 ilikuwa navyo 10. Mrithi wake, i9-11900K ya Machi 2021, alikuja navyo 8. Kiini kimoja kimoja kilikuwa na kasi zaidi, lakini kwenye kazi zinazotumia viini vyote mzee alimshinda kijana.

Je, wajua kwamba kache pekee inaweza kuwa kizazi kizima? Ryzen 7 5800X3D ya Aprili 2022 ilikuwa na gigahezi pungufu kuliko 5800X, viini vilevile, muundo uleule. Tofauti ni kache ya L3 iliyopandishwa kutoka megabaiti 32 hadi 96 kwa kubandika tabaka jingine la kumbukumbu juu ya chipu. Kwenye michezo ya kompyuta iliruka mbele. Kwenye kazi nyingine nyingi ilibaki palepale au kurudi nyuma kidogo. Mcheza gemu na mhariri wa video walipaswa kutoa majibu tofauti kuhusu prosesa hiyohiyo moja.

VIZAZI VILIVYOPIGA HATUA NUSU

Je, wajua kwamba kizazi cha saba cha Intel, ukikiendesha kwa gigahezi sawa na cha sita, hutoa kasi ileile? Muundo wa viini haukuguswa. Nyongeza ya maana ilikuwa kwenye video: saketi yake ilimudu video za 4K za HEVC na VP9 za biti 10, jambo lililopunguza kazi ya viini na kutunza betri. Mwandishi wa barua hakupata kitu. Mtazamaji wa filamu alipata.

Je, wajua kwamba kompyuta za mezani za Intel zilikaa kwenye teknolojia ya 14nm kuanzia kizazi cha tano hadi cha kumi na moja? Ilianza sokoni mwaka 2014, na kwenye mezani ikaendelea hadi 2021. Utaratibu wa zamani wa kupokezana kati ya kiwanda kipya na muundo mpya, ulioanza mwaka 2007, Intel iliuacha mwaka 2016.

Je, wajua kwamba ndani ya kizazi kimoja ndugu mmoja anaweza kukua na mwingine asikue? Oktoba 2023 i7-14700K ilipata viini 20 badala ya 16 vya i7-13700K. Lakini i9-14900K ilibaki na viini 24 kama i9-13900K, ikiwa na nyongeza ndogo ya gigahezi. Kizazi kile kilimfaa mnunuzi wa i7 kuliko wa i9.

Je, wajua kwamba Core Ultra 200S za mezani, zilizotoka Oktoba 2024, zilitumia umeme mdogo lakini katika michezo mingi zilibaki nyuma ya kizazi cha 14? Intel yenyewe ilikiri kwamba uzinduzi haukwenda ilivyotarajia, ikatoa masahihisho ya programu miezi iliyofuata. Aliyesubiri majaribio huru alijua ndani ya wiki ya kwanza alichopaswa kufanya.

Je, wajua kwamba MacBook Air ya M2 yenye hifadhi ya gigabaiti 256 ilisoma faili kwa takriban nusu ya kasi ya ile ya M1? Apple ilitaja nyongeza ya asilimia 18 kwa upande wa viini. Lakini toleo hilo la chini la 2022 lilipewa chipu moja ya hifadhi badala ya mbili. Kizazi kilipanda, hifadhi ikashuka, na aliyehamisha faili kubwa aliona kushuka kabla ya kupanda.

Je, wajua kwamba M3 Pro ya Oktoba 2023 ilipunguziwa upana wa njia ya kumbukumbu? Ilikuwa gigabaiti 200 kwa sekunde kwenye M2 Pro, ikawa 150. Viini vya kasi navyo vilishuka kutoka 8 hadi 6 katika toleo kamili.

Na kwenye simu je? Mwaka 2015 Snapdragon 810 iliandamwa na sifa ya kupata joto, na Samsung ikaiacha kwenye Galaxy S6 kwa kutumia prosesa yake ya Exynos. Miaka saba baadaye, Snapdragon 8 Gen 1 ilihamishwa kutoka kiwanda cha Samsung kwenda TSMC na kuitwa 8+ Gen 1. Muundo ni uleule, lakini Qualcomm ilitaja upungufu wa umeme wa hadi asilimia 30 kwenye viini. Ile alama ndogo ya kujumlisha ilikuwa na maana kwa mwenye simu kuliko vizazi vizima vya namba.

GHARAMA ZISIZOANDIKWA KWENYE BOKSI

Je, wajua kwamba soketi kufanana hakumaanishi prosesa itawaka? Kizazi cha sita, saba, nane na tisa cha Intel vyote vilitumia soketi ya LGA1151. Hata hivyo mazabodi ya Z270, iliyotoka Januari 2017, haikukubali prosesa za kizazi cha nane zilizotoka Oktoba mwaka huohuo. Mwenye nayo alilazimika kununua mazabodi nyingine. Bei ya kuhama ni prosesa, mazabodi na mara nyingi RAM. Ijumlishe yote kabla hujasema "nafuu".

Je, wajua kwamba kwa upande mwingine kuna mazabodi za AMD za mwaka 2017 zilizopokea prosesa ya mwaka 2022? Soketi ya AM4 ilibeba Ryzen tangu ya kwanza hadi mfululizo wa 5000. Mtu aliyeanza na Ryzen 5 1600 angeweza kusasisha BIOS, akachomoa prosesa, akachomeka 5800X3D, na RAM yake ikabaki. Hii ndiyo aina ya kuhama yenye faida kubwa kuliko zote: vizazi vitatu kwa gharama ya kipande kimoja. Ila hakikisha kwanza kwamba mtengenezaji wa mazabodi yako ametoa BIOS inayoitambua prosesa hiyo.

Je, wajua kwamba soketi ya AM5, iliyoanza Septemba 2022, hukubali RAM ya DDR5 pekee? Vipande vyako vya DDR4 havihamii huko. Na bei ya RAM ilipanda sana kuelekea mwisho wa 2025, wakati vituo vya akili mnemba viliponyonya uzalishaji wa viwanda.

Je, wajua kwamba prosesa kadhaa za mezani za kizazi cha 13 na 14 za Intel zilikuwa na kasoro ya kuomba volti kubwa mno, iliyozichakaza hadi kompyuta zikazima ovyo? Mwaka 2024 Intel ilitoa masahihisho kupitia BIOS, ikaongeza dhamana kwa miaka 2. Masahihisho yanazuia madhara mapya. Chipu iliyokwisha kuumia hayaiponyi. Ukiuziwa ya mtumba, ulizia imetumikaje, na sasisha BIOS siku ileile.

Je, wajua kwamba i9-14900K inaruhusiwa kula hadi wati 253 ikiwa kazini, huku laptopu za herufi U zikipangiwa wati 15? Tofauti ya wati 100 kwa saa 8 kila siku ni takriban uniti 292 kwa mwaka. Kwa mwenye studio, ofisi au duka la huduma za intaneti lenye mashine kadhaa, kizazi kinachookoa umeme kinaweza kujilipa hata kikiwa na kasi ileile. Kwa mashine moja ya nyumbani inayowashwa jioni, akiba ni ndogo.

HUENDA PROSESA HAINA KOSA

Je, wajua prosesa yako hufanya nini ikingoja diski ya zamani? Diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika huchukua wastani wa milisekunde 5.6 kufikisha data mahali pa kusomewa, mbali na muda wa mkono wake kusogea. Ndani ya muda huo prosesa ya gigahezi 3 hupitisha mizunguko karibu milioni 17, mingi ikiwa ya kusubiri. Kompyuta ya miaka kumi iliyobadilishiwa diski hiyo kwa SSD huonekana kama imezaliwa upya. Ukiweka prosesa ya kizazi kipya na kuiacha diski ileile, utangoja vilevile.

Je, wajua kwamba vipande viwili vya RAM vya gigabaiti 4 mara nyingi hukishinda kimoja cha gigabaiti 8? Vipande viwili hufungua njia mbili za kupitisha data. Saketi ya picha iliyo ndani ya prosesa, ambayo haina kumbukumbu yake, ndiyo inayonufaika zaidi.

Je, wajua kwa nini wapimaji wa prosesa hucheza gemu kwa 1080p? Kwa 4K kazi nyingi huiangukia kadi ya picha, na prosesa za bei tofauti sana hutoa matokeo yanayokaribiana. Anayecheza kwa 4K, akiwa na prosesa ya miaka michache iliyopita, pesa yake iende kwenye kadi.

Je, wajua kwamba prosesa yenye jina lilelile haina kasi ileile katika kila laptopu? i7-1165G7 iliruhusiwa kupangiwa kuanzia wati 12 hadi 28, kwa uamuzi wa mtengenezaji wa laptopu. MacBook Air ya M1 haina feni. Kazi nzito ikidumu hupunguza mwendo, wakati MacBook Pro yenye M1 hiyohiyo na feni huendelea.

Je, wajua kwamba vumbi linaweza kukunyang'anya kizazi kizima? Prosesa ikifikia kikomo cha joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Feni iliyosafishwa na pesti mpya ya joto huirudishia kasi uliyokwisha kuilipia. Fundi mwenye mikono mizuri huimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi.

PALE AMBAPO KUHAMA NI LAZIMA AU NI BUSARA

Je, wajua kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025? Windows 11 kwa kawaida hudai Intel ya kizazi cha nane au Ryzen 2000 kwenda juu, pamoja na kitengo cha usalama cha TPM 2.0. Kwa anayefanya kazi za benki, uhasibu au kumbukumbu za wagonjwa kwenye Windows, hii ni sababu ya kuhama yenye nguvu kuliko kasi. Kwa mwingine, Linux bado huifufua mashine hiyohiyo na kuipatia masahihisho ya usalama.

Je, wajua kwamba prosesa za zamani zinaweza kupungua kasi kwa sababu ya usalama? Januari 2018 yalitangazwa mapengo ya Meltdown na Spectre, na Microsoft ikaeleza kwamba masahihisho yangezigusa zaidi prosesa za mwaka 2015 na za nyuma yake. Vizazi vilivyofuata vilianza kuziba sehemu ya mapengo hayo ndani ya chipu yenyewe.

Je, wajua kwamba video za AV1 zilianza kufunguliwa na saketi maalumu ya Intel kwenye kizazi cha 11, mwaka 2020, na kwa kompyuta za Mac kwenye M3? Kwenye prosesa zilizotangulia viini ndivyo vinavyobeba kazi hiyo, feni ikavuma na betri ikashuka.

Je, wajua kwamba laptopu zilizouzwa kama "za akili mnemba" mwanzoni mwa 2024 zilipitwa ndani ya miezi sita? Microsoft ilipoweka kiwango cha Copilot+ mwezi Mei 2024, ilidai kitengo cha akili mnemba chenye operesheni trilioni 40 kwa sekunde. Core Ultra za kwanza zilikuwa na takriban trilioni 11. Usinunue prosesa kwa ahadi ya programu ambayo bado huitumii.

HESABU ZA MWISHO

Je, wajua kwamba "kasi zaidi kwa asilimia 15" haikuokolei asilimia 15 ya muda? Kazi ya dakika 60 itachukua dakika 52. Ni asilimia 13. Kwa anayetoa video tano kila siku, hiyo ni dakika 40. Kwa anayetoa moja kila mwezi, ni dakika 8.

Je, wajua faida ya kuruka vizazi? Kila kizazi kikiongeza asilimia 12, anayehama kila mwaka huhisi asilimia 12. Anayeruka hadi cha tano huhisi asilimia 76 kwa ununuzi mmoja. Michoro ya matangazo mara nyingi hulinganisha na mashine iliyochaguliwa na muuzaji. Wewe linganisha na iliyo mezani kwako.

Je, wajua kwamba Windows inaweza kukupa sehemu kubwa ya jibu bure? Kompyuta inapokwama, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Disk ikiwa asilimia 100, nunua SSD. Memory ikiwa imejaa, nunua RAM. CPU ikikaa juu ya 90 muda wote wa kazi yako, prosesa ndiyo inayokuchelewesha. Lakini kwenye prosesa yenye nyuzi (threads) 8, programu inayotumia uzi mmoja itaonyesha asilimia 12 au 13 tu hata ikiwa imefika mwisho wa uwezo. Hapo tafuta kiini chenye kasi, wala si viini vingi. Kwenye Mac, programu ya Activity Monitor hufanya kazi hiyo.

Hukumu ya safu hii ni moja. Hama ikiwa umepima na kukuta prosesa ndiyo kikwazo, ikiwa majaribio huru ya kazi kama yako yanaonyesha tofauti utakayoihisi, na ikiwa bei yote, mazabodi na RAM zikiwemo, inarudishwa na muda au umeme utakaookoa. Hama pia ikiwa mashine yako imeachwa nje ya masahihisho ya usalama na huna njia nyingine. Nje ya hapo, weka SSD, ongeza RAM, safisha feni, na uache kizazi hiki kipite. Ndugu msomaji, kabla hujaenda dukani, pima kazi unayoifanya mara nyingi kuliko zote na uandike inachukua dakika ngapi. Ukifika, mwambie muuzaji akuonyeshe kazi hiyohiyo kwenye mashine mpya, na usilipe mpaka umeona tofauti.